Honi Isiyoimba: Mwongozo wa Kupima Ubora wa Gramafoni

Gramafoni ya honi imerudi kuwa pambo la sebule, hoteli na majarida ya nyumba, na pamoja na marejeo hayo umeenea upimaji mbovu ambao haufai kuachwa bila kukanushwa. Chombo kinachosifiwa kuliko vyote ni kile chenye honi ya shaba ya manjano iliyosuguliwa ikang'aa, kasha lililochongwa maua, na nembo ya mbwa anayesikiliza, ambayo asili yake ni picha ya mchoraji Francis Barraud iliyonunuliwa mwaka 1899 na kampuni ya London iliyokuja kujulikana kwa jina la His Master's Voice, yaani HMV. Vingi vya vyombo hivyo havina ukale wowote: ni vya kuungaunga, vilivyoundwa India katika miongo ya karibuni kwa mota kuukuu za gramafoni za mkononi, na nembo imebandikwa ili kumpumbaza mnunuzi. Anayevisifu hawezi kujitetea kwamba kila mtu ana ladha yake, kwa sababu gramafoni hupimwa kwa sauti inayoitoa na kwa hali ya santuri baada ya kupigwa, na katika mambo hayo mawili chombo cha kuungaunga hushindwa vibaya.

Kipimo cha haki hutafutwa kwa mabingwa, na katika fani hii bingwa asiyefanana na wengine ni EMG, karakana ndogo ya London iliyopewa herufi za mwanzo za jina la mwasisi wake, E. M. Ginn, na iliyotengeneza gramafoni kwa mkono katika miaka ya 1920 na 1930. Gramafoni yake mashuhuri, Mark X, humshangaza kila anayeiona kwa mara ya kwanza: kasha la mbao lisilo na nakshi hata moja, na juu yake honi kubwa kupita kiasi, yenye mdomo wa kipenyo cha karibu sentimita 75, iliyopinda shingo na kumwinamia msikilizaji. Honi hiyo haikutengenezwa kwa shaba wala kwa bati, bali kwa tabaka za karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Ginn alipoachana na wenzake karibu na mwaka 1930 alianzisha karakana ya pili, Expert, na tangu hapo London ikawa na karakana mbili zilizoshindana kwa honi za karatasi. T. E. Lawrence, yule ofisa Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu katika Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa na gramafoni ya Ginn katika nyumba yake ndogo ya Clouds Hill, Dorset, ambamo honi ilijaza sehemu kubwa ya chumba bila yeye kuona kwamba nafasi hiyo imepotea bure.

Sababu ya kuchagua karatasi ndiyo kanuni ya kwanza ya mwongozo huu: honi njema haiimbi. Kazi ya honi ni kuutoa mtetemo wa kiwambo, yaani utando mwembamba ulio ndani ya kikasha cha sauti kinachoshika sindano, na kuufikisha kwenye hewa ya chumba bila kuongeza chochote. Shaba nyembamba haiwezi kazi hiyo, kwa sababu ina sauti yake yenyewe na huichanganya na kila sauti inayopita ndani yake, hata udi, fidla na koo la binadamu vikatoka vyote na mlio mmoja wa bati. Mjuzi huigonga honi kwa ukucha kabla hata ya kuuliza bei. Honi ya karatasi hujibu kwa kishindo kifupi kinachokufa papo hapo, ilhali ya shaba huendelea kulia, na kadiri inavyolia kwa muda mrefu ndivyo thamani yake inavyoshuka. Honi za mbao zinakubalika. Za bati nene lililopakwa rangi huvumiliwa. Shaba inayong'aa haifai kuwekwa katika daraja la kwanza, hata kama ni ya kale kwelikweli.

Kanuni ya pili ni ya umbo. Mwaka 1924 wahandisi wawili wa Marekani, Hanna na Slepian, walichapisha hesabu za honi ya kipeo, yaani honi ambayo eneo la uwazi wake huongezeka maradufu kila baada ya urefu uleule. Honi ya namna hiyo hupanuka polepole, na upole huo, pamoja na upana wa mdomo, ndio unaoruhusu sauti nzito kupita. Kwa makadirio ya kawaida, mzingo wa mdomo unapaswa kulingana na urefu wa wimbi la sauti ya chini kabisa inayotakiwa. Mdomo wa sentimita 75 una mzingo wa karibu mita 2.4, kwa hiyo huweza kuitoa vizuri sauti ya mitetemo kama 145 kwa sekunde, ilhali honi ya pambo yenye mdomo wa sentimita 45 huanza kudhoofika chini ya mitetemo 240, ambayo ni karibu na Do ya katikati ya piano. Umbo la ua lililopanuka ghafla mwishoni halisaidii, kwa sababu upanuzi wa ghafla huirudisha sauti nyuma badala ya kuitoa nje.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo humpita asiye mjuzi kila mara, hata awe amekusanya gramafoni kwa miaka mingi, nalo ni mahali sindano inapofika mkono unapovutwa hadi kwenye pini ya katikati ya sahani. Santuri ya asili hukatwa na chombo kinachosafiri katika mstari ulionyooka kutoka ukingoni kuelekea katikati, na mitetemo ya sauti huchongwa katika mfuo, yaani mchirizi mwembamba unaoizunguka santuri, kwa kufuata mstari huohuo. Mkono wa gramafoni hausafiri hivyo: umefungwa kwenye egemeo moja, na sindano yake huchora tao. Kwa sababu hiyo kikasha cha sauti hukaa upande kwa sehemu kubwa ya safari yake, sindano huuegemea ukuta mmoja wa mfuo kuliko mwingine, na kwa kuwa kikasha huweza kuwa na uzito wa zaidi ya gramu 100, ukuta huo husagika kila santuri inapopigwa.

Aliyelifafanua tatizo hili hadharani ni Percy Wilson, mwanahisabati na mtumishi wa serikali ya Uingereza, ambaye mwaka 1924 alionyesha katika jarida la The Gramophone, lililoanzishwa mwaka mmoja kabla na mwandishi wa riwaya Compton Mackenzie, kwamba kosa la pembe linaweza kupunguzwa hadi kuwa dogo sana kwa kufanya mambo mawili pamoja: kukipinda kichwa cha mkono kwa kipimo maalumu, na kuusogeza mkono ili sindano ipite pini ya katikati badala ya kuishia juu yake. Jambo moja kati ya hayo halitoshi bila jingine. Mkono wenye kichwa kilichopinda unapaswa kuipitisha sindano kwa sentimita moja au zaidi kidogo, kutegemea urefu wake. Lakini mkono uliokaa moja kwa moja bila kupinda unapaswa kufanya kinyume, sindano yake iishie kabla ya pini.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji chombo chochote zaidi ya kadi na kalamu. Santuri huondolewa, mkono huvutwa taratibu hadi ncha ya sindano ifike karibu na pini, na umbali hupimwa kwa macho. Kisha kadi huwekwa juu ya sahani, mstari ulionyooka huchorwa kutoka kwenye pini hadi mahali ncha inapogusa, na uso wa kikasha hutazamwa kutoka juu: katika gramafoni njema uso huo huukata mstari kwa pembe mraba, au karibu na mraba, popote mkono utakapowekwa, iwe mwanzo wa santuri, katikati au mwisho. Katika chombo cha kuungaunga mkono umefungwa pale tundu la kasha lilipotobolewa, na huonekana wazi kwamba kikasha kimekaa mshazari. Fundi wa EMG asingekubali kosa hilo, kwa sababu wateja wake wengi walitumia sindano za mwanzi, zilizochongwa pembe tatu na kukatwa ncha upya kwa koleo maalumu kabla ya kila upande wa santuri. Sindano ya chuma huvumilia mkono mbovu na kuiadhibu santuri. Ya mwanzi haivumilii, bali huvunjika ncha kabla wimbo haujaisha, na sauti ikaanza kukwaruza. Gramafoni inayoufikisha mwanzi mwisho wa upande mzito wa okestra imefaulu mtihani ambao hakuna mng'aro unaoweza kuughushi.

Kikasha cha sauti nacho kitazamwe kwa makini. Vikasha vya zamani vina kiwambo cha ulanga, madini yanayochanika kuwa tabaka angavu, na vya baadaye vina kiwambo cha alumini. Kikasha cha EMG kilishikilia mti wa sindano kwa springi nne, na kila kimoja kilirekebishwa kwa mkono hadi fundi aridhike. Mipira inayokizingira kiwambo hukauka ikawa migumu, hewa ikavuja na sauti ikanyauka, hivyo tundu la nyuma la kikasha hufyonzwa kwa mdomo: kikinasa mdomoni kwa muda, mipira ni mizima.

Ajabu ya umbo si dosari yenyewe, mradi iwe na sababu. HMV ilitoa mwaka 1924 gramafoni isiyo na honi kabisa, iliyotumia kiwambo kikubwa cha karatasi ya mikunjo kilichobuniwa na Louis Lumière, mmoja wa ndugu waliovumbua sinema, na mwaka 1925 kampuni ya Victor ya Marekani ilitoa Credenza, ambayo honi yake ndefu imekunjwa ndani ya kabati. Vyombo hivyo viwili havifanani na Mark X wala havifanani vyenyewe kwa vyenyewe, lakini katika vyote vitatu sura imetokana na sauti, na huo ndio uzuri wa kweli wa gramafoni.

Mengine ni mafupi. Kamani iwe na nguvu ya kumaliza upande mzima bila mwendo kulegea, hendeli iwe upande wa kulia, na kasha lisiwe na nakshi. Muuzaji anayejaribisha chombo chake kwa bendi ya matarumbeta na sindano nene ya chuma ana jambo analoficha, kwa kuwa kelele za matarumbeta hufunika mlio wa honi; aombwe kuweka sauti ya mwanamke inayoimba peke yake, kisha atazamwe uso wake unavyobadilika.

Ombi hilo lina uzito wa pekee kwa wasikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walisafiri mwaka 1928 kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, na kwa miaka mingi migahawa ya pwani ilivuta wateja kwa gramafoni, watu wakisikiliza kwa utulivu ambao leo ni nadra kuuona. Santuri hizo za lakiri hazitengenezwi tena, na kila zinapowekwa chini ya mkono uliofungwa ovyo hupoteza sehemu ya sauti ambayo hakuna fundi awezaye kuirudisha. Kwa hiyo mwenye santuri za aina hiyo aanze ukaguzi kwenye pini ya katikati, aendelee kwenye kikasha, na honi aitazame mwisho. Na chombo kitakachoshindwa kwenye pini kisiwekewe santuri yoyote, hata kikipendeza kiasi gani, mpaka fundi atakapouhamisha mkono wake mahali panapostahili.