Magofu Yasiyoonekana: Tintern na Mshairi Wake

Asomaye shairi la William Wordsworth la mwaka 1798, ambalo kwa desturi huitwa "Tintern Abbey", hutarajia kuonyeshwa monasteri. Haonyeshwi. Jina la magofu limo katika anwani tu. Ndani hamna nguzo, hamna tao, wala jiwe moja la kanisa. Nasi tufundishao ushairi hatuna budi kuuliza sababu.

Tintern ipo Wales, katika bonde la mto Wye. Monasteri iliasisiwa mwaka 1131, na kanisa kubwa ambalo kuta zake zingalipo likaanza kujengwa mwaka 1269. Mwaka 1536, katika enzi ya Mfalme Henry VIII, watawa waliondolewa, na risasi iliyoezeka paa ikang'olewa. Magofu hayo, basi, si kazi ya wakati peke yake. Ni kazi ya amri.

Karne ya 18 wasafiri walifika kwa mashua kutafuta mandhari. William Gilpin, katika kitabu chake cha mwaka 1782, aliziona kuta zimenyooka mno, akapendekeza zipigwe nyundo kidogo zipendeze! Hata hivyo, huyo aliandika habari za maskini walioishi humo wakiombaomba, na za viwanda vya chuma vilivyokuwa jirani.

Wordsworth alifika mwaka 1793, akarudi baada ya miaka mitano pamoja na dada yake Dorothy. Shairi lake lahusu kumbukumbu na kukua kwa moyo, na kwa hilo hatumnyimi sifa: mistari haina vina, lakini yatiririka kama mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Mhakiki Marjorie Levinson, mwaka 1986, alidai kwamba kimya chake juu ya magofu na mafukara ni ukwepaji. Twaona shutuma hiyo imepita kiasi kidogo. Moshi wa mitini umo, na wazururaji wasio na makao wametajwa. Mshairi hakuwa kipofu, aliwaona, akapita. Kwetu hilo ni zito kuliko kutoona.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, hakupita. Aliingia katika majumba ya Pate, kwenye popo na buibui, akawauliziza wenyewe walikokwenda. Ni kweli kwamba yeye aliomboleza mji wa watu wake, na Wordsworth alikuwa mgeni bondeni. Lakini wanafunzi wa kidato cha tano wakipewa tungo hizi mbili pamoja, swali la kwanza liwe hili: kila mtunzi amesimama wapi, ndani ya ukuta au mbali nao?