Hidegkuti: namba tisa aliyeshuka chini

Aliyewahi kucheza mpira wa mchangani anaijua amri hii: "Namba tano, kaa na tisa!" Haina maelezo zaidi. Tisa akienda kulia, nawe kulia. Akiruka, nawe ruka. Novemba 25, 1953, mbele ya watazamaji 105,000 pale Wembley, Harry Johnston wa Uingereza alikuwa na kazi hiyohiyo. Tisa wake alikuwa Nándor Hidegkuti wa Hungaria, mtu wa miaka 31 tayari. Dakika ya kwanza haijaisha, Hidegkuti alipokea mpira nje ya boksi uso ukiwa golini, akadanganya kwamba anapiga, akausogeza kidogo, kisha akaachia shuti la juu. Johnston hakumfikia.

Uingereza ilicheza mfumo uliozoeleka wakati ule, WM, na ulinzi wake ulikuwa wa mtu na mtu wake. Mabeki wa pembeni, Ramsey na Eckersley, walibeba mawinga. Hafu wawili, Wright na Dickinson, walikuwa na nane na kumi, yaani Kocsis na Puskás. Johnston, katikati, alibaki na tisa. Hesabu hiyo inatimia alimradi tisa akae pale anapotarajiwa.

Hidegkuti hakukaa. Alishuka hadi katikati ya uwanja, jirani na hafu Bozsik, akaomba mpira miguuni. Sasa Johnston afanye nini? Akimfuata, anaacha uwazi mbele ya kipa wake, na Kocsis na Puskás, ambao walikuwa wamesimama juu kuliko tisa wao, wanauingia. Akibaki, analinda hewa, na Hidegkuti anageuka bila bughudha na kuchagua pasi. Siku ile Johnston mara alifuata, mara alibaki, mara alisimama nusu ya njia. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote.

Siku hizi husemwa kwamba huyu ndiye namba tisa bandia wa kwanza. Sikubali. Matthias Sindelar wa Austria alikuwa akishuka namna hiyo tangu miaka ya 1930. Tena kushuka peke yake hakuna maana yoyote: tisa akirudi nyuma na wenzake wakabaki walipo, umepunguza mshambuliaji mmoja, basi. Ufundi wa Hungaria ulikuwa kwa wale wanaoingia anapotoka yeye.

Tazama bao la tatu. Czibor ni winga wa kushoto, lakini mpira anautoa upande wa kulia. Puskás anaupokea ndani ya boksi, Billy Wright anajirusha kwa nguvu zote, Puskás anauvuta nyuma kwa wayo, Wright anapita kama alivyo, kisha mguu wa kushoto unamaliza kazi. Wote huuzungumzia ule wayo. Mimi humtazama Wright: hafu wa kulia, amefika ndani ya boksi lake mwenyewe kuzima moto, kwa sababu safu ya ulinzi imeshavurugika.

Kulikuwa na bima pia. Zakariás, hafu wa kushoto, alirudi karibu na beki wa kati Lóránt, hivyo nyuma wakawa kama wanne. Ndiyo maana Bozsik aliweza kupanda bila hofu. Bao moja kati ya yale sita ni lake. Hidegkuti alifunga matatu. Mechi ikaisha 6-3.

Mpango huu haukuzaliwa timu ya taifa. Kocha Márton Bukovi aliufanyia kazi MTK ya Budapest, akimtumia kwanza Péter Palotás. Hidegkuti, mchezaji wa klabu hiyohiyo, alikuwa amezoea kucheza winga. Septemba 1952, Hungaria ikiwa nyuma 2-0 dhidi ya Uswisi, aliingia badala ya Palotás na timu ikashinda 4-2. Tangu hapo nafasi ikawa yake. Nadhani uwinga ulimfaa: alizoea kupokea mpira mbali na goli na kukimbia nao, jambo ambalo straika wa kusubiri krosi hana.

Waingereza walienda Budapest Mei 23, 1954 na beki mwingine wa kati, Syd Owen, badala ya Johnston. Walibadili mtu, mpango wakauacha vilevile. Walifungwa 7-1.

Jibu lilitoka kwa Wajerumani wa Magharibi. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia huko Bern, Julai 4, kocha wao Sepp Herberger alimkabidhi Hidegkuti kwa hafu wake, Horst Eckel, ili beki wa kati asing'oke nafasi yake. Haikuwa dawa kamili: Hungaria iliongoza 2-0 ndani ya dakika nane, na Hidegkuti mwenyewe aligonga mwamba. Lakini lile swali lililomtesa Johnston halikuulizwa tena, na Ujerumani ikashinda 3-2.

Hidegkuti alimaliza na mechi 69 na mabao 39 ya timu ya taifa, akaja baadaye kuifundisha Al Ahly ya Cairo miaka ya 1970. Harry Johnston aliichezea Uingereza mara 10. Ile ya Wembley ilikuwa ya mwisho.