Maji ya kunywa yapewe bomba lake: uchambuzi wa mabomba ya nyumba Nakuru

Mwenye nyumba wa Nakuru akikaa na fundi wa mabomba, maswali huwa yale yale. Mbona shawa ya umeme haiwaki? Mbona mfereji unatema hewa na tope maji yakirudi baada ya mgao? Haya yana majibu mafupi. Tangi lililokaa darini, nusu mita tu juu ya kichwa cha shawa, halina msukumo wa kufungua swichi iliyo ndani ya shawa. Linyanyue au uweke pampu ndogo. Na siku ya maji kurudi, fungua kwanza mfereji wa nje, polepole, hewa na tope viishe, ndipo uyaruhusu yaingie tangini.

Swali zito zaidi haliulizwi sana: maji yapi yaende kwenye mfereji upi? Katika Bonde la Ufa hilo ndilo linalopaswa kuamua ramani nzima ya mabomba, kwa sababu maji yetu hayalingani. Sehemu ya maji ya mji hutoka visimani, kama vile vya Kabatini na Baharini, na sehemu hutoka mto Turasha, unaoshuka kutoka milima ya Nyandarua. Mitaa mingi mipya pembezoni mwa mji hutegemea visima virefu vya watu binafsi. Maji ya visima hukaa muda mrefu ndani ya miamba ya volkeno, na miamba hiyo huyaachia floraidi. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya sakafu ya bonde hupita hapo. Matokeo yake tunayajua: meno yenye mabaka ya kahawia kwa watoto waliokua wakinywa maji hayo kabla ya kutimiza takriban miaka minane, na kwa walioyanywa kwa miaka mingi kiwango kikiwa juu sana, mifupa na viungo vinavyokakamaa.

Floraidi haina rangi, harufu wala ladha ya kumshtua mtu. Zaidi ya hayo, maji yenye floraidi nyingi mara nyingi ni yale yanayosifiwa na mama anayefua. Kalisi ikiwa nyingi majini huishika floraidi na kuishusha chini. Ikiwa kidogo, floraidi hubaki ikielea. Na maji yenye kalisi kidogo ndiyo yanayotoa povu jingi la sabuni. Kwa hiyo povu zuri si cheti cha afya. Cheti hutoka maabara ya maji, na mtu aliyechimba kisima apime kabla ya kununua hata kipande kimoja cha bomba.

Kuchemsha hakusaidii. Sufuria ya lita tano yenye miligramu 4 kwa lita, ikichemka hadi zikabaki lita nne, sasa ina miligramu 5 kwa lita: mvuke umeondoka, floraidi imebaki. Dawa ya klorini huua vijidudu tu, na kichujio cha makaa ya kawaida huondoa harufu, kikaiacha floraidi ipite. Tena, anayelainisha githeri kwa magadi huenda anaongeza floraidi juu ya ile iliyomo majini.

Jibu lililofanyiwa kazi kwa muda mrefu zaidi mjini hapa lilitoka Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru. Mwaka 1998 idara yake ya maji ilianza kushughulikia uchujaji kwa makaa ya mifupa, kazi iliyozaa baadaye kampuni ya Nakuru Defluoridation. Mifupa ya ng'ombe huchomwa tanuruni kwenye joto la nyuzi kama 400 hadi 500, hewa ikiwa imebanwa, kisha husagwa na kuchekechwa hadi kuwa chembe kama changarawe. Ufundi wote uko kwenye moto. Mfupa usioiva vizuri huyapa maji harufu na rangi; uliochomwa kupita kiasi hugeuka mweupe na nguvu yake ya kushika floraidi hupungua sana. Mfupa ni madini ya kalisi na fosfati, na floraidi inapopita huchukua nafasi ndani ya madini hayo na kubaki humo. Baadaye dayosisi ilishirikiana na Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, kuongeza vidonge vya kalisi na fosfati ili kichujio kidumu zaidi.

Kichujio hicho kina kikomo. Nafasi zikijaa, floraidi hupita kana kwamba hakuna kitu njiani, na maji hubaki maangavu vile vile. Kinahitaji kupimwa na kubadilishwa chembe zake. Hapa ndipo wengi hukosea: hukifunga kwenye bomba kuu linaloingia nyumbani. Chukua familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku. Hizo ni lita 400, lakini za kunywa na kupikia ni kama lita 50. Ukichuja zote, sehemu saba kati ya nane za kazi ya kichujio zimeishia chooni, bafuni na kwenye ndoo ya kufulia. Kichujio kikae jikoni, kihudumie mfereji mmoja. Mpangaji wa Kaptembwa au Free Area asiye na ruhusa ya kugusa mabomba anaweza kutumia cha ndoo mbili chenye mfereji chini.

Mwenye paa lake ana njia nyingine. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja, na maji ya mvua karibu hayana floraidi. Paa la mita 60 za mraba, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 54,000. Ukiondoa moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, zinabaki zaidi ya 43,000. Familia yetu ya watu watano inahitaji lita 18,000 na kidogo kwa mwaka kwa kunywa na kupika. Mvua inatosha mara mbili. Shida ni kiangazi cha kuanzia Desemba hadi Machi. Siku 100 kwa lita 50 ni lita 5,000, na tangi la ukubwa huo linauzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Kiangazi hicho hicho hulijaza paa vumbi na vinyesi vya ndege, hivyo milimita ya kwanza ya mvua imwagwe. Kwa paa letu hizo ni lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Bomba la kuteremsha maji liingie kwanza kwenye pipa la ujazo huo. Likijaa, maji yavuke kuelekea tangini. Pipa liwe na tundu dogo chini lijimwage lenyewe kabla ya mvua inayofuata. Juu ya tangi weka wavu wa kuzuia mbu, na maji ya kunywa yatibiwe vijidudu kwa klorini au kuchemshwa. Hapa kuchemsha kunafaa, kwa kuwa hakuna floraidi ya kukolezwa.

Kosa la mwisho ni la kuunganisha. Fundi hupendekeza tangi la mvua na la kisima yakutane kwenye bomba moja, na valvu katikati, ili moja likiisha jingine lishike. Maji ya kisima yenye miligramu 4 yakichanganyika nusu kwa nusu na ya mvua hutoa miligramu 2, bado juu ya kikomo. Kazi yote imepotea kwa sababu ya valvu moja. Tangi la mvua litoe bomba lake la nusu inchi moja kwa moja hadi mfereji wa pili wa sinki la jikoni, lisigusane popote na lile la kisima.

Tangi hilo likijaa lina uzito wa tani tano, na udongo wetu wa majivu ya volkeno hubomoka haraka maji yakiupitia. Lisimamishwe juu ya zege lenye vyuma, na maji yanayofurika yapelekwe mbali na msingi.

Bomba hilo la ziada ni gharama ndogo wakati kuta bado ni za mawe matupu. Baada ya plasta na vigae, ni kubomoa. Kwa hiyo anayejenga Lanet au Njoro mwaka huu apeleke chupa ya maji ya kisima maabara kabla ya ramani kumfikia fundi, na mfereji wa pili wa jikoni uwe tayari kwenye karatasi.