Raba Huja Mwisho

Chicago ina nyumba za matofali zipatazo 80,000 zilizojengwa kati ya 1910 na 1940, zile wenyeji wanazoziita bangalo. Kuta bado ni imara. Lakini Januari ikibisha hodi, mwenye nyumba hukaa sebuleni na soksi jozi mbili huku hita ikiunguruma, maana baridi inapita mlangoni.

Inapita kiasi gani? Mlango wa kawaida wa huko una upana wa sentimita 91 na urefu wa 203. Uwazi wa milimita 3 tu ukiuzunguka wote hufikia sentimita za mraba 176: kidirisha cha 13 kwa 13 kisichofungwa usiku wala mchana. Na nyumba yenyewe huvuta. Hewa ya moto hupanda ikatorokea darini, ya baridi ikaingia chini kushika nafasi yake.

Wengi hukimbilia utepe wa sponji wenye gundi. Misimu miwili haijaisha, sponji imelala kama chapati.

Kosa si la sponji peke yake. Mlango wa miaka 90 aghalabu umeshuka: skrubu za bawaba ya juu zimelegea, upande wa kitasa uwazi wa juu umepanuka, na kona ya chini inakwaruza kizingiti. Fundi mzoefu huanzia hapo. Huchomoa skrubu moja fupi ya bawaba hiyo na kutia ya sentimita 7 au 8, inayopenya fremu hadi kwenye mbao nzito iliyo nyuma yake. Mizunguko ya mwisho ya bisibisi huunyanyua mlango ukaonekana kwa macho.

Ndipo huwasha kijiti cha udi, siku ya upepo, na kukipitisha taratibu ukingoni. Moshi ukiyumba, anatia alama ya chaki. Hata karatasi yatosha: ifungie mlangoni, ivute, ikitoka kirahisi, hapo pana kazi.

Kwenye miimo na juu hufaa raba yenye uwazi ndani, au bamba jembamba la shaba nyeusi lililokunjwa kama herufi V, ambalo hudumu miongo. Chini huwekwa brashi inayogusa kizingiti bila kukikwangua. Upenyo kati ya fremu na matofali, ambao wengi huusahau, huzibwa kwa silikoni. Rangi ya kabla ya 1978 isipigwe msasa mkavu. Huenda ina madini ya risasi.

Mafundi wa Mji Mkongwe, Unguja, wana jibu lao kwa upenyo wa katikati ya mlango wa pande mbili: mfaa, nguzo ya nakshi iliyopigiliwa upande mmoja ikaufunika mwanya. Watalii hupiga picha maua yake, kazi yake hawaioni.

Tukirudi Chicago: penye hita ya gesi inayovuta hewa ya ndani, aitwe fundi wake kabla ya kuziba kila tundu, na king'ora cha kaboni monoksaidi kiwekwe karibu na vyumba vya kulala.