Mlinzi Aliyeuza Daftari la Wageni

Kwenye steshenari za Kariakoo, virusi vya kompyuta vimekuwa vikisafiri kwa flashi. Mteja anafika na barua ya kuchapisha, flashi inachomekwa, na mafolda yote yamegeuka shotikati. Muda si mrefu kompyuta ya dukani nayo imeambukizwa, na kila flashi itakayofuata inaondoka na ugonjwa. Ndiyo maana fundi akipiga Windows upya hakabidhi mashine kabla ya kuweka antivairasi, na kwa kuwa leseni ni pesa, anaweka ya bure. Kati ya hizo za bure, Avast na AVG ni majina ambayo mafundi wengi wanayajua vizuri.

Ya bure kwa mteja, lakini kuna aliyekuwa akiilipia. Namna fedha hiyo ilivyopatikana inafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu kila hatua, ukiitazama peke yake, ilionekana kuwa na sababu yake.

Avast ilianzia Prague mwaka 1988. Mwaka 2016 iliinunua AVG, kampuni nyingine yenye asili ya Cheki, kwa dola bilioni 1.3, na watumiaji wake wakapita milioni 400 duniani. Kabla ya hapo, mwaka 2013, ilikuwa imenunua kampuni ndogo iitwayo Jumpshot. Kuanzia 2014 Jumpshot ikawa na biashara mpya: kuuza kumbukumbu za kurasa ambazo watumiaji wa Avast walikuwa wakizitembelea.

Mzigo ulikusanywa na kiongezi, yaani kiprogramu kinachopachikwa kwenye kivinjari. Kiongezi cha Avast kilikuwa na kazi halali ya kumwonya mtu kabla hajaingia kwenye tovuti ya matapeli, na ili kionye, lazima kijue mtu anaelekea wapi. Hapo hakuna kosa. Anayeingia kwenye jengo la ofisi pale Posta anaandikwa na mlinzi kwenye daftari la wageni, jina, namba ya simu na saa, naye hakasiriki, kwa kuwa daftari lile ni la usalama wa jengo.

Oktoba 2019 Wladimir Palant, mtaalamu wa usalama wa kompyuta na mwanzilishi wa Adblock Plus, alichunguza kile ambacho kiongezi hicho kilikuwa kikituma Avast. Alikuta anwani nzima ya ukurasa, kichwa chake, na ukurasa ambao mtu alitokea. Alikuta pia namna mtu alivyofika, iwe kwa kubofya kiungo au kwa kuandika anwani mwenyewe, namba ya dirisha na ya kichupo, kama ukurasa huo aliwahi kuutembelea kabla, nchi aliyopo, na namba ya utambulisho isiyobadilika. Ili kujua kama tovuti ni ya matapeli, namba ya kichupo haisaidii chochote. Inasaidia kitu kingine kabisa: kuunganisha kurasa moja baada ya nyingine hadi ionekane safari nzima ya mtu mtandaoni.

Njia nyingine ilikuwepo, tena inajulikana. Mfumo wa Google wa kuzuia tovuti hatari unaweza kuweka ndani ya kompyuta orodha ya alama fupi za baiti 4 zinazotokana na anwani mbaya. Kivinjari kinalinganisha hapo hapo, bila kumuuliza mtu. Alama ikifanana na iliyopo kwenye orodha, ndipo kinauliza makao makuu, na hata hapo kinatuma ile alama fupi tu, si anwani. Onyo linatolewa na safari ya mtu inabaki kwake. Avast ilijenga mfumo uliohitaji anwani nzima, na anwani nzima ndiyo iliyokuwa na soko.

Kampuni ilijitetea kwamba data ilisafishwa kabla ya kuuzwa: majina, barua pepe na taarifa za aina hiyo viliondolewa. Usafishaji huo haukutosha, na sababu yake ni ya kiufundi. Kila kivinjari kilibaki na namba yake, na kila tukio likabaki na muda wake hadi sekunde. Chukua duka la jumla linalotoa risiti za mashine ya EFD. Mtu akinunua orodha isemayo kwamba mteja namba fulani alilipa dukani hapo saa 6:03:05 mchana, jina halimo. Lakini mwenye duka ana nakala ya risiti na anamjua aliyelipa saa hiyo. Akishalinganisha mara moja, namba imepata jina, na safari zote za namba hiyo, za hospitali, za mikopo, za siasa, za faragha ya usiku, zimepata mwenyewe.

Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilipochukua matukio 100 tu kutoka kwenye ghala la data hizo, ilikuta mtu aliyesoma utafiti kuhusu dalili za saratani ya matiti, mwingine aliyetafuta ajira ya serikali yenye mshahara wa zaidi ya dola 100,000, mwingine aliyepanga njia kwenye ramani kutoka mahali hadi mahali, na kiungo cha tovuti ya Kifaransa ya kutafuta wachumba kikiwa na namba ya mwanachama. Ghala zima lilifikia zaidi ya petabaiti 8. Kwa flashi za gigabaiti 16, hizo ni flashi laki 5.

Wanunuzi walizidi kampuni 100. Bidhaa iliyotisha zaidi ilikuwa ile iliyotoa kila mbofyo wa mtu pamoja na namba ya kifaa chake. Kampuni ya matangazo ya Omnicom iliinunua kwa nusu ya watu waliokuwa kwenye data ya Jumpshot katika nchi 6, zikiwemo Marekani, Uingereza na Ujerumani.

Baada ya uchunguzi wa Palant, watengenezaji wa vivinjari Mozilla na Opera waliviondoa viongezi vya Avast Desemba 2019, na Google ikafuata. Avast ikahamia kukusanya kupitia antivairasi yenyewe, ambayo tayari imekaa ndani kabisa ya kompyuta. Kisha Januari 27, 2020 vyombo vya habari vya Motherboard na PCMag vikachapisha nyaraka za Jumpshot, na baada ya siku 3 mkurugenzi mkuu wa Avast, Ondrej Vlcek, akatangaza kuifunga Jumpshot. Adhabu zilikuja mwaka 2024: dola milioni 16.5 Marekani, pamoja na marufuku ya kuuza data hizo kwa ajili ya matangazo, na koruna milioni 351 kutoka kwa mamlaka ya ulinzi wa data ya Cheki.

Jambo linalouma zaidi, ukilitazama kutoka Kariakoo, ni ridhaa. Mwaka 2019 Avast ilianza kuonyesha kisanduku kinachoomba ruhusa, lakini kisanduku cha aina hiyo kinatokea wakati programu inawekwa. Kwenye kompyuta ya steshenari anayebofya "Kubali" ni fundi. Wanaofuata ni mwanafunzi anayeomba mkopo wa HESLB, mama anayetafuta TIN ya duka lake, kijana anayetuma maombi ya ajira, kila mmoja akiandikwa chini ya namba ileile ya kifaa, na hakuna kati yao aliyekiona kisanduku.

Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zitumike kwa lengo hilo. Fundi naye ana njia rahisi zaidi kuliko zamani: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kinga ya virusi inakuja ndani ya Windows yenyewe. Na pale mteja anapotaka ya kampuni nyingine, dakika 2 za kufungua mipangilio ya faragha na kuondoa tiki zote za kushirikisha data zinatosha kabla ya kompyuta kurudishwa mezani na mteja wa kwanza kuchomeka flashi yake.