Kimo cha Kamera: Somo la Sammy Baloji kwa Mwanafunzi wa Kisenge

Anayeanza kujifunza kupiga picha hufundishwa kwanza kanuni ya theluthi: gawa fremu kwa mistari miwili ya wima na miwili ya ulalo, kisha mweke mtu wako pale mistari inapokutana. Kanuni hiyo inasaidia, lakini haijibu maswali yaliyo mazito zaidi: mpiga picha asimame wapi, kamera iwe kimo gani kutoka ardhini, na nani aingie ndani ya fremu. Maswali hayo matatu huamua ubora wa picha kabla kidole hakijagusa kitufe.

Kwa kijana wa Kisenge, mji wa migodi ulio mbali na vyuo vya sanaa vya Lubumbashi, njia ya uhakika ya kujifunza ni kuchukua kazi moja iliyofanywa vizuri, kuifumua kipande kwa kipande, kisha kuijenga upya kwa mikono yake mwenyewe. Kazi ninayoipendekeza ilitengenezwa katika ukanda wetu huu wa shaba. Ni mfululizo wa picha uitwao Mémoire, wa Sammy Baloji.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akasoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na alichora katuni kabla ya kushika kamera. Mémoire ni ya mwaka 2006, na mwaka uliofuata ilimletea tuzo katika maonyesho ya picha ya Bamako, Mali. Mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Picha, tamasha la sanaa la Lubumbashi ambalo limewapa vijana wengi wa Katanga mahali pa kujifunza na kuonyesha kazi zao.

Kilichomo ndani ya fremu

Kila picha ya Mémoire ina tabaka mbili. Ya nyuma ni picha ya rangi aliyoipiga Baloji mwenyewe katika mitambo na karakana za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali: mabati yenye kutu, kuta zilizobanduka, ardhi tupu, mashine zilizokufa. Ya mbele ni watu waliokatwa kutoka picha za zamani za nyeusi na nyeupe, zilizopigwa enzi za ukoloni: wafanyakazi wa Kiafrika waliosimama wakitazama kamera, na wakuu wa Kizungu waliovaa kikazi. Tabaka hizo mbili ziliunganishwa kwa kompyuta.

Ili kuelewa uzito wa kazi hii lazima ukumbuke historia. Kampuni ya kikoloni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906 na kutawala uchimbaji wa Katanga kwa miaka sitini. Serikali ikaichukua, na kutoka hapo ikazaliwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kabla ya miaka ya 1990 kwisha, uzalishaji ulikuwa umeporomoka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi wapatao 10,000 waliondoka kwa mpango wa kustaafu kwa hiari. Baloji alifanya kazi yake wakati jeraha hilo lilikuwa bado bichi. Aliwarudisha walioijenga kampuni, akawasimamisha katika kile kilichobaki.

Hiyo ndiyo maana yake. Sasa tuangalie ufundi, kwa sababu maana hiyo isingemfikia mtazamaji kama ufundi ungekuwa dhaifu.

Upana

Nyingi za picha hizo ni ndefu kwa upana, mara mbili ya kimo chake au zaidi. Jicho haliwezi kuimeza picha ya namna hiyo kwa mkupuo mmoja. Linaanza upande mmoja, linasafiri, linakutana na mtu, linapita penye utupu, linakutana na mwingine. Utupu ulio katikati unapata nafasi ya kusema. Katika fremu ya kawaida watu wangejaza picha, na uharibifu wa karakana ungekuwa pambo la nyuma tu.

Picha pana unaweza kuipata kwa simu ya kawaida, ama kwa kutumia kitendea kazi cha panorama kilichomo, ama kwa kupiga picha kadhaa na kuziunganisha. Njia ya pili inafundisha zaidi. Shika simu wima, piga ukielekea kulia, na kila picha ifunike karibu theluthi ya iliyotangulia. Kabla ya kuanza, bonyeza kioo na ushikilie hadi simu ifunge fokasi na kiasi cha mwanga. Usipofanya hivyo, kila kipande kitakuwa na anga ya rangi yake. Usizungushe mkono huku mwili umesimama. Iache simu ibaki mahali pamoja na wewe uizunguke, kwa sababu lenzi ikihama, nguzo iliyo karibu itasogea mbele ya ukuta ulio mbali, na vipande vitakataa kukutana. Kumbuka pia kwamba panorama hupinda mistari iliyonyooka: ukisimama karibu mno na ghala refu, paa lake litatoka limebinuka. Rudi nyuma.

Mstari wa upeo

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Unamchukuaje mtu aliyepigwa picha miaka sabini iliyopita, na kamera nyingine, mahali pengine, ukamsimamisha katika uwanja wa leo bila yeye kuonekana anaelea hewani?

Jibu ni kimo cha kamera. Katika ardhi tambarare, mstari wa upeo hupita katika picha kwa kimo kile kile cha lenzi. Kamera ikiwa kifuani mwa mpiga picha, tuseme mita 1.2 kutoka ardhini, upeo utamkata kila mtu mzima aliyesimama katika uwanja ule karibu na kifua chake, awe hatua tatu mbele ya kamera au hatua hamsini. Aliye karibu ataonekana mkubwa na miguu yake itashuka chini sana katika fremu. Aliye mbali ataonekana mdogo na miguu yake itapanda. Lakini wote wawili upeo utawapita mahali pamoja mwilini.

Kwa hiyo kazi ya kuunganisha inakuwa hivi. Angalia picha ya zamani na uliza: upeo unawapita watu hawa wapi? Kifuani, machoni, au juu ya vichwa? Kisha nenda kwenye uwanja wako, weka kamera katika kimo hicho hicho, na unapombandika mtu, hakikisha sehemu ile ile ya mwili inakaa juu ya mstari wa upeo wa picha mpya. Ukitaka awe mbali, mpunguze. Ukitaka awe karibu, mkuze. Kifua kisitoke mstarini, na miguu itakanyaga ardhi yenyewe.

Je, kama upeo umefichwa na majengo? Kisenge ina mwalimu mzuri wa jambo hilo, nayo ni reli. Simama katikati ya njia isiyotumika na uzitazame pau mbili zikikaribiana. Mahali zinapoelekea kukutana ndipo upeo ulipo, hata kama mbele kuna mti au kichuguu. Chuchumaa: mahali hapo panashuka pamoja nawe. Panda juu ya kiti: panapanda. Katika picha ya zamani tumia kingo za paa na msingi wa ukuta mrefu kwa namna hiyo hiyo. Zirefushe kwa rula hadi zikutane.

Kimo cha kamera kina maana nyingine pia. Kamera iliyoinuliwa juu ya vichwa vya wafanyakazi huwafanya wawe kundi la kuhesabiwa. Kamera iliyo usawa wa macho huwafanya wawe watu wanaokutazama. Picha nyingi za kampuni zilipangwa ili kuonyesha nguvu kazi: mstari ulionyooka, mikono ubavuni, uso mbele. Baloji aliwatoa katika mpangilio huo na kuwapa nafasi wazi kuwazunguka. Ndiyo maana macho yao yanatugusa.

Mshono ulioachwa wazi

Baloji angeweza kuwapaka rangi watu wa zamani ili wafanane na mandhari. Hakufanya hivyo. Amewaacha katika nyeusi na nyeupe juu ya picha ya rangi, na mtazamaji anaona mara moja kwamba nyakati mbili zimekutana.

Uamuzi huo una faida mbili. Ya kwanza ni uaminifu: hakuna anayedanganywa kwamba watu hao walikuwepo siku ile. Ya pili ni ya kiufundi. Mwanga wa picha ya zamani hauwezi kubadilishwa. Kama jua lilikuwa kushoto, kivuli cha pua kitabaki kulia. Kama tabaka zote mbili zingekuwa za rangi, jicho lingedai vivuli vilingane. Kwa kuwa mtu wa zamani anajitangaza kuwa ni wa wakati mwingine, jicho linamsamehe kivuli chake. Halimsamehe kimo. Mshono wa rangi unavumilika, mshono wa kimo hauvumiliki. Mwanafunzi akishika hilo moja, ameshika nusu ya kazi.

Picha mbili ubavu kwa ubavu

Baada ya Mémoire, Baloji alifanya mfululizo mwingine uitwao Kolwezi. Aliweka picha za maeneo ya wachimbaji wa mikono, mahema yao na ardhi iliyochimbuliwa, kando ya mabango ya Kichina ya kupamba kuta, yenye maporomoko ya maji, bustani na majumba ya kifahari. Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya mkataba wa 2008 kati ya serikali na kampuni za China, wa kubadilishana madini na miundombinu. Hapa hakuna kilichokatwa wala kubandikwa. Maana inazaliwa katika pengo lililo kati ya picha mbili.

Georges Senga, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1983, alitumia mbinu iyo hiyo kwa njia yake katika Une vie après la mort, alipoziweka picha za kumbukumbu za Patrice Lumumba karibu na picha za mwalimu wa siku hizi anayefanana naye. Jozi kama hizo hudai kitu kimoja cha kuunganisha macho: mkao wa mwili, mstari, au umbo. Bila hicho, zinabaki kuwa picha mbili tu.

Zoezi la Kisenge

Kisenge ni mji wa manganisi. Vita vya Angola vilipoikata reli ya Benguela mwaka 1975, madini yalikosa njia ya kwenda bandari ya Lobito, na mji ukadhoofika. Mwaka 2018 treni ya manganisi ilivuka tena mpaka kuingia Angola. Kuna basi nyakati mbili za kukutanisha, kama ilivyokuwa kwa Gécamines.

Tafuta picha ya zamani ya mfanyakazi katika familia yako au kwa jirani. Omba ruhusa. Iweke karibu na dirisha, mbali na jua la moja kwa moja, simu ikiwa sambamba nayo, na uipige bila flashi. Tafuta upeo wake kwa rula na penseli juu ya nakala. Kisha nenda mahali alipofanya kazi, au karibu napo. Ndani ya eneo la mgodi usipige bila kibali. Barabara, reli na nyumba za zamani zinatosha.

Chunga mwanga. Madini ya manganisi ni meusi, na simu ikielekezwa kwenye lundo jeusi hudhani ni giza, ikaongeza mwanga hadi weusi unakuwa kijivu na anga inaungua. Gusa kioo na uteremshe mwanga mpaka lundo lirudi kuwa jeusi. Ukipiga mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya anga nyeupe ya adhuhuri, fanya kinyume: pima mwanga usoni mwake na uiache anga iende. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi na moshi wa mioto ya porini hulainisha jua la asubuhi na jioni, na mandhari yenye vivuli laini hugombana kidogo zaidi na mtu wa picha ya zamani.

Huna kompyuta? Chapa picha zote mbili, chukua mkasi na gundi. Chora upeo kwa penseli juu ya mandhari, mkate mtu wako, msogeze juu na chini hadi atue. Utaona kwa macho yako sekunde anayoacha kuelea. Baada ya hapo programu yoyote utakayoipata itakuwa chombo tu. Ufundi utakuwa umeshaujua.

Neno la mwisho kwa walimu na wanafunzi wa Kisenge. Katika picha nyingi za makampuni ya kikoloni, wafanyakazi Waafrika hawakuandikwa majina. Nyinyi mna nafasi ya kufanya vizuri zaidi, maana wajukuu wa watu hao mnakaa nao mtaa mmoja. Kila picha ya zamani mnayoinakili, andikeni nyuma yake jina la mtu, kazi aliyoifanya na mwaka, kwa maneno ya wazee wenyewe, na muanze mwaka huu, wakati wazee hao bado wapo.