Kuteleza au Kuserereka? Istilahi za Hoki ya Barafuni

Hoki ya barafuni, mchezo ambao pambano lake la kwanza lijulikanalo ndani ya jengo lilifanyika Montreal, Kanada, tarehe 3 Machi 1875, si mgeni tena kwa wasemao Kiswahili. Nairobi ilipata uwanja wa barafu mwaka 2005, na Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo mwaka 2024. Wako pia watu wazima wanaojifunza kwa kujiburudisha tu, bila nia ya kugombea vikombe. Je, mwalimu atawafundisha kwa maneno gani?

Swali hili si la anasa. Mtoto huiga, mtu mzima huchelea kuanguka, na hutaka maelezo kabla hajathubutu. Istilahi ikipotoka, atakayeumia ni yeye.

Kitenzi kinachomjia mfasiri upesi ni *kuteleza*. Hapo ndipo tunapotofautiana naye. Wahenga husema kuteleza si kuanguka, lakini methali yenyewe yakiri kwamba kuteleza ni jambo lisilokusudiwa, tena ni jirani wa kuanguka. Mchezaji wa hoki hatelezi. Hukita makali ya ndani ya kiatu kimoja barafuni, husukuma, kisha huachilia mwili uende juu ya kiatu cha pili. Hata kusimama ni kazi ya makali: vidole huelekezwa ndani na visigino husukumwa nje ili chuma kikwangue barafu. Twapendekeza basi *kusukuma* kwa tendo la kwanza na *kuserereka* kwa la pili. Yawezekana tukaambiwa kwamba kuserereka hudokeza mteremko. Ni kweli, lakini ni afadhali kupanua maana ya neno hilo kuliko kumwamuru mwanafunzi afanye lile analoliogopa.

Neno la pili ni *mpira*. Kinachopigwa ni bapa lenye kipenyo cha sentimita 7.62, unene wa sentimita 2.54 na uzito wa gramu 156 hadi 170. Ni mpira kwa mali yake, si kwa umbo lake. Anayengoja lidunde atangoja sana. *Paki* nayo yakumbusha maegesho ya magari. *Kisahani* chafaa, na wanariadha warushao kisahani chao hawatachanganyikiwa.

Hata hivyo, hatutaki kila neno liwe jipya. *Kuotea* kwa soka kwatosha, mradi ifafanuliwe kwamba hapa kosa halipimwi kwa beki wa mwisho, bali kwa mshambuliaji aliyetangulia kisahani kuvuka mstari wa buluu.

Twawaomba walimu wayajaribu maneno haya uwanjani kabla hayajaingizwa kamusini. Neno ambalo mwanafunzi hawezi kulitii akiwa amesimama juu ya barafu, halijawa istilahi.